Nilikuwa namba moja wa tenisi chuoni, sasa nakaribia 50: naweza kurudi mashindanoni?

"Habari mtaalamu. Mimi ni mama, nimetimiza 49 mwezi huu wa Novemba. Nilizaliwa Dar, baba alikuwa anafanya kazi kwenye klabu moja yenye viwanja vya tenisi na ndo nikajifunzia hapo, baadaye nikapata skolashipu ya tenisi huku Marekani, Divisheni ya Pili ya michezo ya vyuo, miaka karibu yote nilikuwa namba moja wa timu. Nikamaliza, nikaolewa, kazi, watoto, raketi ikaenda stoo. Sasa watoto wameondoka nyumbani na jirani kanivuta kwenye ligi ya wakubwa hapa Maryland. Wiki sita za kwanza nilijiona niko vile vile, watu wakawa wanauliza huyu katoka wapi. Mechi ya tatu nikakimbilia mpira mfupi, nikasikia kama mtu kanirushia jiwe nyuma ya mguu wa kushoto, kwenye shavu la mguu. Leo ni wiki ya tano, natembea vizuri ila bado unakaza. Kiwiko cha kulia nacho kimeanza. Daktari wetu wa familia akanipiga picha ya goti kwa sababu linalia, akasema limechakaa, kwa umri huu niogelee tu. Mume wangu anasema hiyo ni michezo ya watoto. Lakini mimi nataka kucheza mashindano ya kitaifa ya miaka 50, tena singo, mmoja kwa mmoja, sio kujifurahisha. Baba alifariki ghafla kwa moyo akiwa na 53, sijui kama linahusiana. Naweza kurudi au nafukuza upepo? Nipe ukweli."

Dada, pole na mguu, na asante kwa kuandika kwa kirefu maana wengi wananitumia "mguu unauma nifanyeje" halafu nabaki kubahatisha. Swali lako mimi nalisoma hivi: wiki sita ulijiona msichana wa chuo, siku moja mwili ukakukana, sasa hujui uamini lipi, zile wiki sita au ule mguu. Jibu fupi ni kwamba unaweza kurudi, na hata singo unaweza, ila sio msimu huu wa baridi na wala sio masika yanayokuja. Na kuna jambo umelitaja mwishoni kama vile limekuponyoka tu, la marehemu baba, mimi ndo naanzia hapo.

Kwenye vipimo vya hatari ya moyo, mzazi au ndugu wa damu wa kiume akipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au wa kike kabla ya 65, hiyo inahesabika. Baba yako alikuwa na 53. Kwa hiyo linahusiana, sana. Haina maana kwamba na wewe unao ugonjwa, maana yake ni kwamba huruhusiwi kukisia. Na usijifariji kwamba ulikuwa mwanamichezo wa chuo kwahiyo moyo wako ni chuma. Arthur Ashe alikuwa bingwa wa vyuo Marekani mwaka 1965 akiwa chuo cha UCLA, akachukua US Open 1968 na Wimbledon 1975, mtu mwembamba, hana kitambi, bado anacheza tenisi ya kulipwa, na Julai 1979 akiwa na miaka 36 tu akapata shambulio la moyo. Baba yake mzazi naye alikuwa na historia ya moyo. Desemba mwaka huo huo akafanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo na 1980 akastaafu. Huyo alikuwa hajawahi kuacha mazoezi, we umekaa zaidi ya miaka 25.

Basi kabla ya kitu chochote nenda kwa daktari, mwambie kwa maneno haya haya: baba alikufa ghafla kwa moyo akiwa na 53, mimi nataka kuanza mazoezi makali ya kukimbia na kusimama ghafla. Presha, mafuta ya damu, sukari ya miezi mitatu, ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na muulize waziwazi kama anaona haja ya kukupeleka kwa mtaalamu wa moyo ukapimwe ukiwa unakimbia kwenye mashine. Kwa historia yako mimi ningekuwa king'ang'anizi kidogo hapo. Na ujue wanawake mara nyingi hawapati yale maumivu ya kifua ya kwenye sinema, unaweza kupata pumzi kukata kuliko kawaida, taya au mgongo wa juu kuuma, kichefuchefu, uchovu wa ajabu ambao jana haukuwepo. Likitokea lolote ukiwa uwanjani unaacha mchezo, hata kama ni pointi ya mwisho. Na lisipoisha haraka, huku uliko unapiga 911, usisubiri mume arudi na gari.

Sasa mguu, na hapa ndo kuna kitu ambacho karibu kila mchezaji wa zamani anakielewa kinyume.

Watu wanadhani mtu aliyecheza vizuri chuoni yuko salama zaidi akirudi kuliko mama mwenzie anayeanza tenisi leo akiwa na 49. Mimi naona kinyume chake kwenye kazi yangu. Yule anayeanza leo hawezi kujiumiza vizuri hata akitaka, sevisi yake inaenda taratibu, mpira mfupi haufikii na wala hajaribu kuufikia, macho yake hayajui kusoma mpira unakoelekea. Wewe macho yanajua. Ubongo wako umeona ule mpira mfupi kabla haujavuka wavu, ukatoa amri ile ile uliyokuwa unaitoa ukiwa na 21, miguu ikasukuma kwa nguvu zote, na nyama iliyopokea amri hiyo ni ya mama aliyekaa ofisini miaka 25. Ufundi unakaa kichwani na haupotei kirahisi. Mwili unaoubeba ndo umebadilika. Injini ya Scania imefungwa kwenye fremu ya bajaji, ukikanyaga mafuta injini itaitika vizuri tu, tatizo ni fremu.

Kilichobadilika ni nini hasa? Cha kwanza ni pumzi: kwa mtu asiyefanya mazoezi, uwezo wa mwili kutumia oksijeni unashuka kwa karibu asilimia 10 kila miaka kumi baada ya 30, na kwa anayeendelea na mazoezi makali unashuka kama nusu ya hapo. Hilo halinitishi, linarudi kiasi kikubwa. Cha pili ni misuli, inapungua taratibu, na inayopungua zaidi ni zile nyuzi za kasi, za kuruka na kuchomoka, ambazo tenisi ndo inazitaka. Ndo maana mtu anaweza kubeba mifuko ya sokoni bila shida lakini hawezi kuruka kama zamani. Na kwa mwanamke wa umri wako, homoni ya estrojeni ikianza kushuka kuelekea kukoma hedhi, misuli na mifupa vyote vinapungua haraka zaidi, hii hatuizungumzi vya kutosha sijui kwanini, labda aibu.

Cha tatu ndo mchawi wenyewe. Kano, zile kamba zinazounganisha msuli na mfupa.

Misuli ina kumbukumbu, aliyewahi kuijenga akirudi mazoezini inajengeka upya haraka kuliko ya mtu ambaye hajawahi, wiki sita nane tu unajisikia una nguvu. Kano haiendi hivyo. Watafiti wa Denmark mwaka 2013 walitoa matokeo baada ya kupima kaboni iliyobaki kwenye miili ya watu kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya zamani, wakagundua kiini cha kano ya kisigino kinajengwa mpaka kama miaka 17 hivi halafu kinakaa hivyo hivyo, hakibadilishwi karibu kabisa. Yaani kiini cha kano yako ya kisigino ni kile kile ulichoondoka nacho Dar. Inaweza kukomaa na kuwa ngumu zaidi ukiifanyisha kazi, ila inataka miezi, wala sio wiki. Na baada ya zoezi kali, kwa saa 24 mpaka 36 hivi za mwanzo kano inabomoka kuliko inavyojengwa, ndo baadaye inajenga kuzidi ilipokuwa, kwahiyo ukicheza tena kesho yake kabla haijamaliza unabomoa juu ya kubomoa.

Ukiunganisha hayo utaona hadithi yako yote. Wiki sita, misuli imeamka, ufundi umeamka, wewe unajiona mpya, na kano pamoja na ile sehemu misuli inapoungana na kano bado ziko usingizini. Wiki ya sita mpaka ya kumi ndo ninapowapokea wachezaji wa zamani wengi. Usijilaumu kwamba ulifanya kitu cha kijinga, ulifanya kitu kizuri mapema mno.

Hilo "jiwe" ulilosikia, kwa maelezo yako, linafanana sana na kuchanika kwa msuli wa shavu la mguu upande wa ndani, ni jeraha linalowapata watu wa umri wa kati uwanjani mpaka madaktari wameliita mguu wa tenisi. Lakini mimi sijakugusa, na kuna vitu viwili vinavyofanana nalo ambavyo siwezi kuvipitisha kwa maandishi. Kimoja ni kano ya kisigino yenyewe kukatika, nayo inasikika hivyo hivyo kama umepigwa teke kutoka nyuma, unageuka kumtafuta aliyekupiga. Lala kifudifudi, miguu ininginie nje ya kitanda, mwenzio aminye shavu la mguu, unyayo unatakiwa usogee kidogo wenyewe, kama mtu anayekanyaga mafuta ya gari. Usiposogea kabisa, au huwezi kusimama kwa vidole vya mguu huo mmoja, hapo sio suala la kusubiri, kesho yake uwe kwa daktari wa mifupa. Kingine ni damu kuganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Mguu ukivimba upande mmoja, una joto, unauma hata ukiwa umekaa, hasa kama umetoka safari ndefu ya ndege au unatumia dawa za homoni, unataka ultrasaundi siku hiyo hiyo, na ukianza kukosa pumzi unaita gari la wagonjwa. Nasema hivi kwasababu wengi wenu Desemba mnapanda ndege kwenda nyumbani, masaa kumi na kitu mmekaa, na msuli uliochanika tayari una damu imevia humo ndani. Kama na wewe unasafiri, mwambie daktari kabla.

Tuseme yote hayo yameondolewa, ni msuli tu. Wiki tano na bado unakaza ni kawaida, na kosa ambalo watu wanafanya hapa ni kusubiri tu uache kukaza halafu warudi uwanjani, maana kuacha kuuma na kupona ni vitu viwili. Shika ukuta, simama kwa mguu mmoja wa kulia, panda kwa vidole na ushuke taratibu, hesabu mara ngapi mpaka ushindwe kufika juu vizuri. Fanya na kushoto. Watu wengi wa umri wako wenye mguu mzima wanafika ishirini na kitu, kwa mtu anayetaka singo mimi nataka 25 safi, na kushoto pasiachane na kulia kwa zaidi ya mbili tatu. Nabashiri kushoto utaishia kumi. Hiyo namba ndo daktari wako wa kweli kwa miezi mitatu ijayo.

Unaanza kupanda kwa miguu yote miwili, ukiweza bila maumivu unahamia mmoja, kisha unashika uzito mkononi au unavaa begi la mgongoni lenye vitabu, taratibu, sekunde tatu juu na tatu chini, mara tatu kwa wiki na siku ya kupumzika katikati. Fanya goti likiwa limenyooka na pia likiwa limekunjwa, kwasababu kuna msuli wa chini yake ambao unafanya kazi kubwa goti likikunjwa na tenisi yote inachezwa magoti yamekunjwa. Maumivu madogo, kama matatu kwenye kumi, wakati wa zoezi hayana neno ikiwa kesho asubuhi yameisha. Yakibaki mpaka kesho kutwa umezidisha, punguza. Ukifika ile namba ndo unaanza kuruka kamba, halafu kukimbia kwa mstari mnyoofu, halafu kwenda pembeni, na ule mruko mdogo wa kujiandaa kabla mpinzani hajapiga, mwisho kabisa mpira mfupi. Mpira mfupi unakuja mwisho, tafadhali, maana ndo uliokuumiza na ubongo utataka ulipize.

Na jimu iwe ya kweli. Naona wamama wanaenda kunyanyua vidude vya rangi ya waridi vya kilo moja mara hamsini, hivyo havifanyi chochote kwa kano wala kwa nyuzi za kasi. Unataka uzito ambao ukifika mara ya nane unajua umefanya kazi: skwati, kunyanyua kutoka chini, kuvuta, kusukuma. Mtafute mtu akufundishe mikao mwezi wa kwanza. Ongeza protini kila mlo, mayai, samaki, maharage, kuku, maana mwili wa miaka 50 unahitaji zaidi kujenga kile kile kuliko wa miaka 20, na chai na maandazi asubuhi haitoshi hata kama ni ya nyumbani.

Kiwiko. Hapa nina shaka na raketi yako kuliko wewe mwenyewe. Ukiwa chuo miaka ya tisini mwishoni nyuzi zilizokuwa nyingi ni za nailoni au utumbo wa mnyama, zile za poliesta ndo zilikuwa zinaingia, Gustavo Kuerten alivyochukua French Open 1997 nazo ndo dunia ikazisikia. Leo ukiingia dukani ukasema nilicheza chuo, kijana atakuuzia raketi ngumu nyepesi yenye poliesta imekazwa kweli kweli kwasababu ndo wanayotumia wa kwenye televisheni. Poliesta haimezi mshindo, na ikishachoka inakuwa mbaya zaidi, wale wa televisheni wanabadilisha kila mechi, wewe utakaa nayo miezi minane. Ng'oa. Weka nyuzi laini za nyuzinyuzi nyingi au utumbo wa asili ukiwa na pesa, punguza mkazo, na ukubali raketi nzito kidogo, uzito unameza mshindo kuliko mkono. Nimeona viwiko vikitulia kwa hilo peke yake, ingawa sio vyote. Kano inayouma pale nje ya kiwiko nayo inataka kazi taratibu ya uzito, kupumzika tupu hakuitibu. Na watakuambia kuhusu sindano ya steroidi, inaondoa maumivu vizuri sana wiki chache, ila tafiti zilizowafuatilia watu mwaka mzima zimeona waliochomwa wanakuwa na hali mbaya kuliko wasiochomwa. Mimi singechoma.

Goti sitalizungumza sana kwasababu ulivyoandika halikuumi, linalia tu. Goti linalolia bila kuuma wala kuvimba liache lilie. Ukiwapiga picha watu wa miaka 50 wasio na shida yoyote utakuta wengi wana michaniko na kuchakaa, kwahiyo picha peke yake haitoshi kukutoa uwanjani. Simlaumu daktari wako, ana dakika kumi na tano na wewe na kuogelea hakujawahi kumletea mtu kesi. Lakini kuogelea hakujengi mfupa wala hakukomazi kano, na kwa mwanamke anayekaribia kukoma hedhi hivyo vyote viwili unavihitaji. Likivimba baada ya kucheza, likikwama au likikuachia ukakaribia kuanguka, hapo urudi.

Mambo mawili ya dawa, mengine yanatoka nyumbani kwetu. Kama ukienda Dar una tabia ya kununua cipro duka la dawa kwa ajili ya tumbo au UTI bila kuandikiwa, acha. Hizo dawa za kundi la ciprofloxacin na levofloxacin zinaweza kudhoofisha kano mpaka ikatike, kisigino ndo inaongoza, Marekani zimewekewa onyo kali kabisa la kwenye boksi tangu 2008, na tatizo linaweza kuja hata miezi baada ya kumaliza dozi. Mwambie daktari mimi nina kano inayopona, anipe nyingine kama ipo. La pili ni kumeza diklofenak au ibuprofeni kabla ya mechi ili usisikie. Usisikie nini? Maumivu ndo taarifa yako pekee, na vidonge hivyo ukiwa umetoka jasho vinabana figo na kupandisha presha, kitu ambacho binti wa baba yule hakihitaji.

Sasa mashindano. Una bahati hujui. Kwenye mashindano ya umri ya USTA (chama cha tenisi cha Marekani) na ya ITF (shirikisho la dunia), umri wako ni ule unaotimiza ndani ya mwaka huo, sio siku ya kuzaliwa. Maana yake ingawa 50 unatimiza Novemba mwakani, kuanzia Januari tayari ni mchezaji wa miaka 50, na utabaki kundi hilo miaka mitano. Huna treni inayokuacha. Mimi ningepanga hivi: baridi yote ni moyo, vigimbi na jimu. Masika unapiga mpira bila kuhesabu pointi, mara mbili kwa wiki na saa 48 katikati, sevisi unaanza 30 unaongeza kidogo kidogo. Kiangazi unaingia ligi, wawili wawili kwanza. Mechi ya singo ya kwanza ya maana iwe vuli. Ukipata viwanja vya udongo vitumie, huko upande wenu wa mashariki kuna vingi vya ule udongo wa kijani, mguu unateleza badala ya kufunga breki ghafla na kigimbi kitakushukuru.

Kwenye ligi watakuambia ujipangie ngazi mwenyewe, ile NTRP inayoanzia 1.5 mpaka 7.0. Kuna kepteni mmoja, sijui ni nani ila yupo, kila ligi anaye, atakunong'oneza usiseme ulicheza chuo ujiweke chini tushinde. Fomu inauliza historia ya chuo na inataka ukweli. Ukijishusha mfumo unafuatilia matokeo yako, ukizidi sana unapata straiki, tatu unaondolewa ngazi hiyo na timu inaweza kupoteza matokeo. Ila sababu yangu haiko hapo. Ngazi ya chini itakupa ushindi wa bure na mwili hautajifunza kitu, na ngazi unayostahili inaweza kuwa imeshuka kwa kweli kwasababu ya umri, jaza kwa uaminifu na ukiona ni juu mno kuna njia ya kukata rufaa.

Singo ya taifa ina mtego ambao watu hawauoni mpaka wafike, unaweza kucheza mechi mbili kwa siku, kesho tena, keshokutwa tena. Siku ya kwanza kila mtu ni mzuri. Ile ya tatu ndo kigimbi kinachanika. Kwahiyo kabla ya kulipia kiingilio, jaribu mwenyewe mazoezini, mechi asubuhi, nyingine jioni, kesho yake nyingine, uone asubuhi ya siku ya tatu unashukaje ngazi za nyumbani. Ukishindwa jaribio hilo, cheza wawili wawili mwaka huo, haina aibu, nao wanatoa ule mpira wa dhahabu wanaopewa mabingwa wa taifa wa umri. Na ujiandae kisaikolojia kupigwa na bibi wa miaka 60 na kitu ambaye hana fohendi ya maana ila ana slaisi (mpira wa kukata) na lobu (mpira wa kukupita juu) na hajawahi kuacha kucheza tangu zamani. Atakupiga. Kano zake zimekuwa kazini miaka yote hiyo wakati zako zilikuwa kwenye kiti.

Kwa shemeji, mwambie hivi. Julai 2025 hapo Washington, jirani na kwenu, Venus Williams akiwa na miaka 45 alimfunga Peyton Stearns ambaye alikuwa bingwa wa vyuo Marekani 2022. Kimiko Date wa Japani aliacha tenisi 1996, akarudi 2008 akiwa na 37, mwaka uliofuata akachukua taji la WTA (mashindano ya wanawake wa kulipwa) Seoul akiwa na 38. Dorothy Cheney, bingwa wa Australia mwaka 1938, aliendelea kucheza mashindano ya umri mpaka uzeeni kabisa na akakusanya mataji ya kitaifa zaidi ya 300. Michezo ya watoto hiyo? Ila na wewe nikuambie upande wa pili: Venus hajawahi kukaa ofisini, Date katikati ya mapumziko yake alikuwa anakimbia marathoni, na hata hivyo 2016 goti lilimpeleka kwenye upasuaji. Wewe unaanza nyuma yao. Ndo maana nakupa mwaka badala ya wiki.

Mtu wa kumtafuta ana kwa ana ni fizio wa michezo aliyewahi kushughulika na wachezaji wa tenisi, mara moja kila wiki mbili tatu inatosha, akuangalie unavyotua na unavyopiga sevisi. Hasa bega. Bega likianza kugoma kuzunguka, huwezi kufunga sidiria kwa nyuma wala kufikia rafu ya juu, usilisukume kwa sevisi ukidhani litalainika, wanawake wa miaka 40 hadi 60 wanapata bega la kuganda na likiwahiwa linashughulikiwa vizuri zaidi, na ukiwa na kisukari uwezekano ni mkubwa zaidi. Nenda mapema.

Wiki hii fanya vitu vitatu tu: piga simu ya daktari kuhusu moyo, mpe mume ajaribu kuminya shavu la mguu kama nilivyoeleza, na peleka raketi ikabadilishwe nyuzi. Majibu ya moyo yakitoka, niandikie pamoja na zile namba mbili, kulia umefika ngapi na kushoto ngapi, tupange Januari.